Siku saba ndani ya meli: kutoka Barcelona mpaka Lisboa



Tangu turudi kutoka safari ile, halipiti juma pashipo mwanafunzi kutusimamisha njiani ao kwenye mlango wa darasa. "Mwalimu, ule bato ulikuwa mukubwa sawa nini? Mulikuwa munakula nini? Mutu anaweza kulala juu ya maji siku saba?" Tumejibu mmoja mmoja mpaka kinywa kimechoka. Kwa hiyo tumewaomba wenzetu wa gazeti watupe kurasa chache, tujibu wote mara moja. Mwisho wa maneno tuna jambo moja la kuomba, na hilo si mchezo. Msiache kusoma mbele ya kulifikia.

Sisi tunaoandika ni mwalimu wenu wa jiografia pamoja na mama watoto. Mwezi wa saba wa mwaka 2023, wakati wa konje kubwa, mtoto wetu anayefanya kazi Ubelgiji alitulipia safari hiyo kwa ukumbusho wa miaka thelathini ya ndoa yetu. Sisi wenyewe hatungeweza kulipa hata nusu ya biye moja. Tunasema hivyo wazi ili mtu asifikiri ya kwamba mshahara wa mwalimu unaweza kufanya ajabu kama hiyo.

1. Meli yenyewe

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Liemba, ile meli ya zamani ya Tanganyika iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Urefu wake ni mita 70 hivi. Basi, wekeni Liemba nne katika mstari mmoja, mtapata urefu wa ile iliyotuchukua. Ilikuwa na orofa zaidi ya kumi, abiria kama elfu tatu na wafanyakazi kama elfu moja. Ni kusema mji mdogo unaotembea. Kuna vyumba vya kulala, vyumba vya kula, duka, muganga, mahali pa kuogelea, na hata chumba kidogo cha gereza kwa mlevi anayepiga watu.

Meli ya namna hii haifanyi kazi ya kuvusha watu kutoka mji huu kwenda ule. Inazunguka tu. Usiku inatembea, asubuhi inafunga kamba katika mji mpya, watu wanashuka kutazama, magaribi wanarudi kulala katika kitanda kilekile. Wazungu wanaita safari hiyo "kruzi". Mama alipoelezwa alisema: "Kumbe munalipa pesa nyingi ili murudie pale mulipotoka!" Lakini sisi tulishukia Lisboa, hatukurudi Barcelona.

Mwendo wa meli hauhesabiwi kwa kilometre bali kwa maili za bahari. Maili moja ya bahari ni mita 1852. Meli ikienda maili 18 kwa saa moja, inasemwa inakwenda fundo 18, karibu kilometre 33. Ni polepole kuliko motokari, lakini haipumziki usiku kucha. Mashini kubwa za mafuta zinafanya umeme, na umeme huo ndio unazungusha mapanga chini ya maji, unawasha taa, unapika chakula na kupoza hewa. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Sehemu kubwa inafanywa ndani ya meli kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Tulikunywa, hatukuonja chumvi hata kidogo.

Jambo lingine lilitushangaza. Kapitani, hata akiwa na akili namna gani, haingii bandarini peke yake. Mashua ndogo inamletea rubani wa bandari, mtu wa pale anayejua kila jiwe na kila mchanga chini ya maji. Rubani huyo anapanda kwa ngazi ya kamba huku meli ingali inatembea. Mtu mkubwa wa meli kubwa anamsikiliza mtu wa mashua ndogo, kwa sababu huyu ndiye anayejua mahali. Tunafikiri hiyo ni somo kwa viongozi wengi.

2. Mbele ya kuondoka: king'ora

Mbele ya kutoka Barcelona, kitu cha kwanza hakikuwa chakula. Ilikuwa king'ora: mlio mfupi mara saba, kiisha mmoja mrefu. Kila mtu aliambiwa mahali pa kukutana ikiwa kuna hatari, na akaonyeshwa namna ya kuvaa jile ya kuokolea: mkono huu, mkono ule, funga hapa, vuta pale. Wazee wa miaka themanini, watoto, matajiri, wote. Aliyekosa kufika alitafutwa kwa jina lake. Mama alianza kucheka, akasema jile inamfanya kama gunia la mihogo. Kijana aliyetufundisha hakucheka. Alitazama tu mpaka mama amefunga sawasawa.

Ukali huo una sababu. Mwaka 1912 Titanic ilizama na watu karibu 1500 walikufa. Mashua za kuokolea zilitosha karibu nusu tu ya waliokuwamo. Mwaka 1914 mataifa yakakutana London kupatana juu ya sheria za usalama wa baharini, na sheria hizo zimetengenezwa mara nyingi tangu hapo. Lakini hata nyuma ya miaka mia moja, katika mwezi wa kwanza wa 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio katika Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku ileile, hawajafundishwa kitu. Tangu pale zoezi linafanywa mbele ya kuondoka ao mara moja wakati wa kuondoka, si kesho yake. Kila kanuni ya bahari, mkichimba chini yake, mtakuta maiti.

3. Bandari moja moja

Barcelona. Karibu na maji kuna nguzo ya mita 60 hivi, iliyosimamishwa mwaka 1888, na juu yake Christophe Colomb amenyoosha kidole. Katikati ya mji kuna kanisa la Sagrada Família. Lilianza kujengwa mwaka 1882, na mjenzi wake Gaudí alikufa 1926 nyuma ya kugongwa na tramu. Tuliona mashini za kuinulia mizigo zingali juu yake. Wale wanaonung'unika ya kuwa jengo letu la biblioteki limechelewa, wapate faraja.

Valencia. Hapa tulitembea ndani ya mto usio na maji. Mwezi wa kumi wa 1957, mto Turia ulifurika na kuua watu wengi mjini. Wakubwa wakakata shauri kuchimba njia mpya ya mto upande wa kusini wa mji, na njia ya zamani ikageuzwa kuwa bustani ndefu. Madaraja ya kale yangali yamesimama, na chini yake watoto wanacheza mpira. Tulisifu sana. Lakini mwaka uliofuata safari yetu, tarehe 29 ya mwezi wa kumi 2024, mvua kubwa ilinyesha tena pande zile, na watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi walikuwa wa miji midogo iliyo kusini, ngambo ya ile njia mpya. Mji mkubwa uliokolewa. Majirani walibaki na maji. Sisi wa Kalemie, tulioona ziwa kupanda mpaka ndani ya nyumba mwaka huohuo 2024, tunafahamu habari hii pashipo kufasiriwa.

Cartagena. Jina lake linatoka kwa watu wa Karthago, wa kaskazini ya Afrika, walioujenga mji huo zaidi ya miaka 220 mbele ya Kristo. Bandari yake imezungukwa na vilima, kama maji ndani ya bakuli. Mwaka 1988 walikuta chini ya nyumba za watu kiwanja cha michezo ya Warumi, kizima na viti vyake vya mawe. Miaka mingi watu walipika na kulala juu yake pashipo kujua.

Málaga. Hapa tulikula vizuri kuliko ndani ya meli. Kando ya maji wanachoma sardini zilizochomwa kwenye kijiti, mbele ya moto wa kuni. Mama alimaliza sita, akasema: "Hii ni ndugu ya ndakala, lakini ndakala yetu ina utamu zaidi." Tulinyamaza, maana katika jambo la samaki hatubishani naye.

4. Usiku wa mlango wa bahari

Kutoka Málaga kwenda Cádiz meli inapita katika mlango wa Gibraltar. Jina hilo ni la Kiarabu, Jabal Tariq, maana yake mlima wa Tariq, jemadari aliyevuka kutoka Afrika mwaka 711. Neno jabali mnalo katika Kiswahili chenu, na mlima ule kweli ni jabali tupu. Mahali penye wembamba zaidi, kati ya Ulaya na Afrika kuna kilometre 14 tu. Kutoka upande mmoja unaona upande mwingine, wakati sisi hapa, kukiwa na ukungu, hatuoni milima ya Tanzania.

Tuwaeleze kidogo maji ya pale. Jua linakausha maji ya Mediteranea kuliko mito na mvua zinavyoweza kurudisha. Kwa hiyo bahari hiyo inadai maji kila siku, na maji ya Atlantiki yanaingia kwa juu kupitia mlango huo. Lakini maji yaliyobaki Mediteranea yana chumvi nyingi, ni mazito, nayo yanatoka kwa chini. Mito miwili katika mlango mmoja: wa juu unaingia, wa chini unatoka. Tanganyika ni namna nyingine. Jua linachukua sehemu kubwa ya maji yake pia, lakini kinachozidi kinatoka kwa Lukuga yetu na kwenda mpaka mto Kongo. Ziwa letu linatoa. Bahari ile inakopa.

Tulisimama inje karibu saa tano ya usiku. Kuume taa za Hispania, kushoto taa za Moroko. Mama alishika chuma cha pembeni, akasema polepole: "Ile ni Afrika." Hakuna aliyejibu. Tulijua ya kwamba katika maji yale vijana wengi wamekufa, wakivuka usiku kwa mashua za mpira, pashipo taa, pashipo rubani. Sisi tulipita na biye mfukoni na viza katika paseporti, muziki ukipigwa nyuma yetu. Wanafunzi, wengine wenu mmetuuliza kwa siri kama mtu anaweza kuvuka pale. Jibu letu ni hili: kilometre 14 zinaonekana fupi kwa macho. Meli kubwa zinapita mchana na usiku, mkondo una nguvu, upepo unageuka gafula. Msidanganywe na anayewaambia ni kama kuvuka mto.

5. Kijana wa Mombasa

Siku ya tatu, tulipokuwa mezani tukisemezana, kijana aliyeleta sahani alisimama kama mtu aliyepigwa. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Hicho ni Kiswahili cha wapi?" Tukamwambia: cha Kalemie, Kongo. Akacheka juu ya "ao" yetu, nasi tukacheka juu ya "shikamoo" yake. Tangu siku hiyo alituita baba na mama, na tulikula samaki iliyoiva vizuri.

Ni yeye aliyetueleza upande mwingine wa meli. Mkataba wake ni wa miezi minane. Anafanya kazi siku zote saba za juma, saa kumi kwa siku, mara nyingine zaidi. Analala chini kabisa, chumba pasipo dirisha, pamoja na mwenzake wa Ufilipino. Kuna sheria ya mataifa juu ya kazi ya baharini, iliyopatanwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2013: inasema mfanyakazi asipite saa 14 katika saa 24, ao apewe saa 77 za kupumzika katika siku saba. Hesabuni wenyewe, mtaona ya kuwa hata sheria inaacha kazi nyingi. Mtoto wake wa pili alizaliwa wakati yeye yuko baharini. Alituonyesha picha katika simu. Tulimwuliza kama anajuta. Akasema: "Baba, nyumba ya mama yangu ina bati. Lakini mtoto ananiita mjomba."

Yeye alitukumbusha pia ya kwamba Wareno walifika kwao Mombasa na kujenga Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593, na ya kuwa maneno yao yangali katika vinywa vyetu: meza, mvinyo, bendera, leso, karata. Hata gereza: kwao igreja ni kanisa! Tulikaa mezani siku zote hizi pashipo kujua ya kwamba jina la meza lilivuka bahari.

6. Cádiz na Lisboa

Cádiz imezungukwa na maji karibu pande zote. Ni mmoja wa miji ya kale kabisa ya magaribi ya Ulaya, ulianzishwa na Wafoinike. Wataalamu wengi wanafikiri Tarshishi, ile ambayo Yona alitaka kukimbilia, ilikuwa pande zile. Hapa tuliona kwa mara ya kwanza bahari kupanda na kushuka. Katika Mediteranea maji hayabadiliki sana, lakini katika Atlantiki, mara mbili kwa siku yanapanda na kushuka, mara nyingine zaidi ya mita mbili, na wafanyakazi wanalazimika kulegeza na kukaza kamba. Usiku wa kutoka Cádiz, tulipozunguka pembe ya São Vicente, mawimbi makubwa yalitupata. Mama hakusikia kitu. Mwalimu wa jiografia alitapika mpaka asubuhi.

Kuingia Lisboa tulirudisha saa nyuma mara moja. Katika majira yale Hispania ina saa ya Kalemie, na Ureno ina saa ya Kinshasa! Meli inapanda katika mto Tejo. Kushoto kuna mnara wa Belém, kiisha jiwe kubwa mfano wa chombo chenye matanga, lililosimamishwa mwaka 1960 kwa sifa ya wasafiri wa Ureno. Kuume, juu ya kilima, sanamu ya Kristo ya mwaka 1959. Tukapita chini ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1966 na kupewa jina la Salazar, kiisha likapewa jina la tarehe 25 ya mwezi wa ine, siku ya mapinduzi ya 1974. Sehemu kubwa ya mji ilijengwa upya nyuma ya tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja 1755, wakati tetemeko, maji ya bahari na moto vilipouangusha.

Kati ya watu waliochongwa katika jiwe lile yumo Diogo Cão, aliyefikia kinywa cha mto Kongo katika miaka ya 1482 na 1483. Tulisimama mbele yake muda mrefu. Katika Lisboa hiyohiyo zimehifadhiwa barua za mfalme Afonso wa Kongo, Mvemba a Nzinga, aliyejua kusoma na kuandika Kireno. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika ya kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake, na kuwauza. Aliomba walimu na dawa, si wachuuzi. Barua ilifika, watu waliendelea kuchukuliwa. Watalii walikuwa wanapigana picha kando ya jiwe. Hatukuona sanamu ya aliyeandika barua.

7. Jambo letu la kuomba

Sasa tunafika. Tuliporudi, tulitoka Uvira kuja Kalemie kwa masuwa. Ilijaa magunia, mitungi, mbuzi na watu. Hapakuwa na king'ora, hapakuwa na hesabu ya majina. Mama alitazama huku na huku, akauliza: "Jile ziko wapi?" Mtu mmoja akajibu kwa kucheka ya kuwa hapa si Ulaya. Nasi, tuliofundishwa kule kufunga kila kamba, tulinyamaza, tukakaa juu ya gunia. Tulifika salama. Lakini tarehe 3 ya mwezi wa kumi 2024 bato lingine, lililotoka Minova, lilizama katika ziwa Kivu karibu sana na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea jamaa zao. Lilikuwa limejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Tangu siku hiyo kunyamaza kwetu kunatuuma.

Kila mwisho wa trimestre, wanafunzi wetu wa internati wanarudi kwao kwa njia ya ziwa. Tumekwisha kumwandikia Bwana Prefe, na halmashauri ya walimu italizungumza. Tunaomba masomo yawe na jile zake, ziandikwe namba, zitolewe wakati wa kuondoka na kurudishwa siku ya kuingia kama vitabu vya biblioteki. Sisi wawili tumetoa za kwanza mbili. Mwalimu mmoja asimame bandarini na karatasi ya majina. Na wewe mwanafunzi, ukiona masuwa imezama mpaka maji yanakaribia ukingo, shuka. Shuka hata kama umelipa, hata kama wanakucheka. Kesho kuna masuwa nyingine.

Wale wanaotaka kuona picha za safari, waje kwetu siku ya posho magaribi. Jile moja tumeitundika mlangoni. Mama atawaonyesha namna ya kuifunga, naye sasa hacheki.